The Day of the Jackal: yanayosemwa Dodoma na yaliyomo kitabuni

Riwaya hii ya Frederick Forsyth, kuhusu Jackal, muuaji aliyekodiwa na OAS, jeshi la siri la Wafaransa, amuue Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa, imepita nusu karne tangu itoke, na Dodoma bado inagombanisha watu. Nakala zilizochakaa, jalada limeshikizwa kwa selotepu, zinapita mkono kwa mkono. Mtumishi wa Mtumba anamwazima jirani yake wa Ilazo, jirani anapanda nayo SGR kwenda Dar, na ikirudi imeshapata wasomaji wengine wawili. Kila anayeirudisha ana lake la kusema. Mmoja hajawahi kusoma kitu kikali namna hiyo, mwingine alilala kabla ya kufika katikati kwa sababu, anasema, inasomeka kama taarifa ya mkaguzi wa hesabu. Ladha hazilingani na hilo halina ubaya. Ila mabishano mengi ninayoyasikia yamejengwa juu ya mambo yasiyo kweli. Ambaye hajaisoma na hataki kujua mwisho wake aishie hapa, maana nitautaja.

“Tunajua de Gaulle hakuuawa. Sasa taharuki itoke wapi?”

Lalamiko hili ni la zamani kuliko kitabu chenyewe. Forsyth aliiandika riwaya Januari 1970, kwa siku 35, akiwa hana fedha, na Charles de Gaulle akiwa bado hai. Wachapishaji kadhaa waliikataa kwa hoja hiyohiyo: nani atanunua hadithi ya njama ya kumuua mtu ambaye dunia nzima inajua hakuuawa? De Gaulle alifariki Novemba mwaka huo, nyumbani kwake kijijini Colombey, kwa maradhi. Kitabu kikatoka 1971, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Edgar ya riwaya bora nchini Marekani. Basi wachapishaji walikosea kuhusu wasomaji.

Walikosea kwa sababu walidhani taharuki ni swali moja tu, la nani atakufa. Humu swali ni la namna gani. Chukua sehemu ya msitu wa Ardennes, Ubelgiji. Fundi wa Brussels ameshamtengenezea Jackal bunduki inayofunguka vipande vipande na kuingia ndani ya mabomba membamba. Jackal ananunua tikiti, analichora macho, pua na mdomo, analitundika mtini, anasogea mbali. Anapiga. Anakwenda kutazama tundu liko wapi, anarudi, anakaza skrubu ya darubini kidogo, anapiga tena. Hana haraka, na mwandishi naye hana. Akishalenga sawasawa anatia risasi ya kulipuka, na lile tikiti linasambaratika. Hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele kurasa zote hizo, lakini unajua lile tikiti ni kichwa cha nani.

Kisha mwisho, tarehe 25 Agosti 1963, Jackal yuko dirishani Paris, kajigeuza mzee mlemavu aliyepigana vita, bunduki ameipitisha ndani ya gongo lake la kutembelea. De Gaulle anamvisha nishani askari mstaafu, halafu anainama kumbusu mashavuni kama ilivyo desturi ya Wafaransa. Risasi inapita nyuma ya kichwa. Maandalizi yale yote, na yule Mwingereza hakuwaza kwamba rais angeinama! Ulijua itakosa kabla hujafungua jalada, na bado moyo unakudunda.

Wanaochoka, nadhani, ni wale tuliokulia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambako shujaa anatupa ngumi mapema na warembo hawako mbali. Huku utasubiri sana.

“Ni kisa cha kweli, ila walibadilisha majina”

Nusu ya kwanza ina kitu ndani yake. Tarehe 22 Agosti 1962, eneo la Petit-Clamart nje kidogo ya Paris, gari aina ya Citroën DS lililombeba de Gaulle na mkewe lilimiminiwa risasi. Matairi yalipasuka, dereva hakusimama, na wote walitoka wazima. Kiongozi wa shambulio, Luteni Kanali Jean-Marie Bastien-Thiry, aliuawa na kikosi cha wapiga risasi tarehe 11 Machi 1963, na hadi leo ndiye mtu wa mwisho kutekelezewa adhabu ya kifo kwa namna hiyo, yaani kwa risasi, nchini Ufaransa. Riwaya inaanza na asubuhi ile ya Machi.

Kutoka hapo mwandishi anaingiza watu wake. Jackal hakuwepo. Kamishna Claude Lebel anayemsaka hakuwepo. Forsyth alikuwa amefanya kazi Paris kama mwandishi wa shirika la habari la Reuters miaka hiyohiyo, ndiyo maana ofisi, mitaa na taratibu za polisi zinasomeka kana kwamba unasoma faili.

“Jackal ni yule gaidi Carlos”

Kinyume chake. Ilich Ramírez Sánchez wa Venezuela, aliyekamatwa Khartoum mwaka 1994, alibandikwa jina la Jackal na magazeti mwaka 1975, baada ya nakala ya riwaya hii kuonekana London katika nyumba alimoacha vitu vyake. Kitabu kilikuwa sokoni miaka minne kabla ya hapo.

“OAS walikuwa wapigania uhuru”

Hili ndilo linalonikera, hasa likitoka kwa Mtanzania. Mtu akisoma “jeshi la siri” na “wanaopinga serikali” akili inamwendea upande wa ukombozi. OAS walikuwa wanajeshi na walowezi waliotaka Algeria ibaki mali ya Ufaransa, na walimchukia de Gaulle kwa sababu aliiachia. Mkataba wa Évian ulisainiwa Machi 1962, Algeria ikawa huru Julai. Riwaya inatokea mwaka 1963, mwaka ambao Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianzishwa Mei na kuipa Dar es Salaam makao ya Kamati ya Ukombozi, Tanganyika na Algeria zikiwa wajumbe wake. Wanaomlipa Jackal nusu milioni ya dola ni watu waliokuwa wanazuia kazi ambayo kamati ile iliundwa kuifanya.

Na hapa nakubaliana na wasioipenda riwaya, ingawa si kwa hoja yao. Mgogoro wote umetokana na Algeria, lakini Mwaljeria mwenyewe hasikiki. Tunapewa Wafaransa waliokasirika, Wafaransa wengine wanaowawinda, na Mwingereza wa kukodi katikati. Ufundi ule wa kutufanya tumfuate Jackal hatua kwa hatua unatufikisha mahali tunaanza kumtakia mafanikio, na mwandishi hatuulizi kama tunajua anamfanyia kazi nani.

“Jina halisi la Jackal ni Charles Calthrop”

Asemaye hivi hakumaliza kitabu. Calthrop, ambaye polisi walimdhania ndiye Jackal, anatokea mwenyewe kurasa za mwisho akiwa mzima wa afya, na polisi wanabaki hawajui yule Jackal waliyemzika ni nani.

“Nimeshaiona sinema”

Ipi? Ile ya 1973 ya Fred Zinnemann, Edward Fox akiwa Jackal, inakifuata kitabu kwa karibu. Ile ya 1997 ya Bruce Willis, ambayo wengi tuliiona kwenye vibanda umiza, ni hadithi nyingine kabisa ya Marekani, na Forsyth hakutaka jina lake lihusishwe nayo. Tamthilia ya 2024 ya Eddie Redmayne imehamishiwa zama hizi, wala de Gaulle hayumo.

“Mwandishi alikuwa jasusi, ndiyo maana alijua yote”

Forsyth, aliyefariki Juni 2025, alikiri mwaka 2015 kwamba aliwahi kutumwa kazi ndogondogo na idara ya ujasusi ya Uingereza. Ila kwa maelezo yake kazi hizo zilianzia kwenye vita vya Biafra, baada ya Paris. Alichokijua kuhusu OAS alikipata kama waandishi wengine, kwa kukaa baa na walinzi wa rais na kusikiliza.