Sarafu Sita za Osseola McCarty: Wakfu wa Chuo Kikuu cha Umma Hufanya Kazi Gani?

Afisa mmoja wa benki katika mji wa Hattiesburg, jimbo la Mississippi nchini Marekani, alipanga mezani sarafu 10 za senti kumikumi. Mteja aliyeketi mbele yake alikuwa Osseola McCarty, bibi aliyeishi maisha yake yote kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Kila sarafu, alielezwa, ni fungu moja la akiba yake. Azigawe apendavyo, zitumike atakapokuwa hayupo. Moja akaipa kanisa lake, tatu akawapa jamaa zake, na sita zilizobaki akataka ziende Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, zisomeshe vijana wasiojiweza. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 1995 yeye alikuwa na miaka 87, na mafungu yale sita yalikadiriwa kufika dola 150,000. Mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze jamaa yake.

Naanza na bibi huyu kwa sababu wengi wanaotuuliza sisi tunaofanya kazi kwenye wakfu wa chuo, yaani chombo kinachokusanya na kutunza michango ya kukisaidia chuo, huwa wanafikiria matajiri wanaotaka majina yao yaandikwe ukutani. Matajiri wapo, na tunawashukuru kwa dhati. Lakini swali linalotusumbua kila siku ni lilelile kwa mwenye mabilioni na kwa dobi: kwa nini mtu akitolee pesa zake chuo ambacho serikali tayari inakigharimia kwa kodi yake?

Jibu langu ni kwamba ruzuku ya serikali hulipa vitu vinavyojulikana mapema: mishahara, umeme, matengenezo. Haimjui mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyefiwa na mzazi katikati ya muhula na sasa anakaribia kuacha masomo kwa sababu ya ada ya miezi mitatu. Haina fungu kwa mtafiti kijana mwenye wazo ambalo bado halijathibitika na ambaye hakuna mfuko mkubwa utakaomwamini. Pengo hilo ndilo linalozibwa na fedha za watu binafsi.

Sasa, kwa nini zipitie kwenye wakfu badala ya kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo? Chuo cha umma ni mali ya serikali. Zawadi ikiingia huko inaweza kuchanganyika na fedha za bajeti, ikafungwa na taratibu zilezile za matumizi, na mwaka unaofuata mgawaji wa bajeti akahesabu kwamba hawa tayari wanazo. Wakfu ni chombo kingine kisheria: kina bodi yake, vitabu vyake vya hesabu na wakaguzi wake, na kimeundwa kwa kazi moja tu ya kukisaidia chuo hicho. Kwa vyuo vikuu vya umma vya Marekani, wa kwanza wa aina hii ni ule wa Chuo Kikuu cha Kansas, ulioanzishwa mwaka 1891. Mtoaji anahitaji mahali ambapo neno lake litalindwa hata baada ya wakuu wa chuo kubadilika mara kumi.

Sisi tunaotumia Kiswahili tuna bahati, kwani neno lenyewe linafundisha. Wakfu, kwa maana yake ya asili, ni mali iliyozuiliwa isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yake tu ndiyo yanayotumika. Mnazi haukatwi, nazi huanguliwa. Mfuko wa kudumu wa chuo unafanya kazi hivyohivyo. Tuseme mtu ametoa milioni 1. Hatuzitumii, tunaziwekeza kwenye hisa, hatifungani na mali nyingine. Kila mwaka tunatoa kiasi cha asilimia 4 au 5 kwa ajili ya chuo. Ikiwa mwaka huo uwekezaji umeleta asilimia 7, yaani 70,000, na tumetoa 40,000 kusomesha wanafunzi, zile 30,000 zinarudi kwenye mfuko ili mfumuko wa bei usiule taratibu. Na hatukokotoi kwa thamani ya siku moja. Tunachukua wastani wa miaka kadhaa, mara nyingi mitatu, ili mwanafunzi asikose ada kwa sababu tu soko lilitetereka mwezi uliopita. Hata hivyo misukosuko ipo. Masoko yalipoporomoka mwaka 2008, mifuko mingi, hasa iliyokuwa michanga, ilishuka chini ya fedha zilizotolewa awali, na wasimamizi walilazimika kupunguza au kusimamisha matumizi yake. Anayekuambia mfuko wa kudumu hauyumbi hajakuambia ukweli wote.

Kuhusu kuomba kwenyewe, sehemu kubwa ya kazi ni kusikiliza. Mhitimu anayetoa kidogo kila mwaka kwa miaka 20 anatuambia jambo kubwa kuliko kiasi anachotoa, na mara nyingi ni huyo atakayekitaja chuo kwenye wasia wake. Kampeni kubwa unazozisikia zikizinduliwa kwa shamrashamra huwa zimeanza kimyakimya miaka miwili mitatu nyuma. Siku ya uzinduzi, nusu ya lengo au zaidi kwa kawaida imeshaahidiwa na watu wachache. Huo si ujanja. Lengo lisilo na watu nyuma yake huwavunja moyo wote waliokuja kuchangia.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye hati ya makubaliano. Mtoaji anayo haki ya kusema fedha zake zisomeshe wauguzi, au zinunue vitabu. Hana haki ya kumteua mpwa wake awe mnufaika, kwani hapo si sadaka tena. Tunamwomba pia asibane mno. Mfuko wa kusomesha wanafunzi wa kijiji kimoja, wanaochukua somo moja, wenye alama za juu, unaweza kukaa miaka mingi bila mwombaji hata mmoja huku pesa zikizaana bure. Kwa hiyo tunaweka kifungu kinachoruhusu matumizi yaliyo karibu na nia yake pale hali inapobadilika. Mwaka 2020 bilionea wa Marekani MacKenzie Scott alikipa Prairie View A&M, chuo kikuu cha umma jimboni Texas, dola milioni 50 bila masharti. Kwa kuwa hakufunga mikono ya mtu, chuo kiliweza kutenga milioni 10 kuwasaidia wanafunzi wa miaka ya mwisho waliolemewa na madeni ya ada wakati wa janga la korona.

Kinyume chake ni mtoaji anayetaka kushika usukani. Mwaka 2018 nyaraka zilionyesha kwamba makubaliano kadhaa ya zawadi katika Chuo Kikuu cha George Mason, cha umma, jimboni Virginia, yaliwapa wafadhili sauti katika kuteua au kutathmini baadhi ya wahadhiri. Rais wa chuo alikiri kwamba hayakufikia viwango vya uhuru wa kitaaluma. Wanafunzi walikuwa wameshafungua kesi wakitaka nyaraka za wakfu wa chuo hicho, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba wakfu huo haubanwi na sheria ya taarifa za umma. Hapo unaona ukuta unaomlinda mtoaji unavyoweza pia kuficha yasiyofaa. Kwa maoni yangu, wakfu wa chuo cha umma uchapishe hesabu na masharti ya zawadi kubwa hata pale sheria isipoulazimisha.

Uliza pia gharama zetu. Mishahara yetu hutoka mahali: makato madogo kwenye zawadi, ada ya kusimamia mfuko, au fedha za chuo. Wakfu unaoona haya kukuonyesha hesabu hiyo, usiupe pesa zako. Na serikali ikianza kupunguza ruzuku kwa sababu wafadhili wapo, wakfu una wajibu wa kusema waziwazi kwamba asilimia 4 ya mfuko haiendeshi chuo.

McCarty alifariki mwaka 1999. Kwa kuwa watu wengine walimuunga mkono kwa michango yao, mwanafunzi wa kwanza wa ufadhili wake alianza masomo mwaka uleule wa 1995, na bibi akawahi kumwona.