Usaha umepelekwa maabara: wanangoja nini siku zote hizo?

Swali: Kidole tumbo cha mdogo wangu kilipasuka, akapata jipu ndani ya tumbo. Tumeambiwa majibu ya usaha yatachukua siku kadhaa. Kwa nini?

Pole kwa kuuguza. Usaha wa hapo mara nyingi huwa na bakteria wasiostahimili oksijeni, wale waliojaa utumbo mpana. Huoteshwa ndani ya mtungi uliofungwa, hewa yake ikiwa imeondolewa na kuwekwa naitrojeni, haidrojeni na kabonidioksidi. Huota polepole, kwa hiyo mtungi kwa kawaida haufunguliwi kabla ya saa 48.

Swali: Wakishaota, wanatambuliwaje?

Kwanza wanaoteshwa upya kwenye sahani mbili zenye chakula cha bakteria, moja hewani na nyingine mtungini. Anayeota mtungini peke yake ndiye tunayemtafuta.

Kisha huwekewa viduara vya karatasi vyenye antibiotiki: vankomaisini mikrogramu 5, kanamaisini 1,000 na kolistini 10. Tafadhali msichanganye: hivi ni vya kumtambua bakteria, si vya kuchagua dawa ya mgonjwa. Bacteroides fragilis, anayepatikana sana kwenye majipu ya tumbo, huvishinda vyote vitatu, yaani huota karibu navyo bila kuzuiwa. Fusobacterium, bakteria mwingine wa aina hii, hushinda vankomaisini tu. Fragilis pia huota kwenye nyongo ya asilimia 20 inayowazuia wengi, na huvunja eskulini, kemikali iliyotiwa humo, mpaka sahani inageuka nyeusi. Clostridium perfringens yeye hujulikana kwenye sahani ya kiini cha yai: huzungukwa na ukungu mweupe.

Kipimo cha katalezi, kimeng'enya kinachotoa mapovu kikikutana na haidrojeni peroksaidi, ndicho kinachoharibiwa na haraka ya mpimaji. Sahani ikae hewani nusu saa kwanza, na haidrojeni peroksaidi iwe ya asilimia 15, si ile ya 3 iliyozoeleka.

Swali: Kipimo cha mwanzo kilisema hakuna bakteria, na usaha ulikuwa unanuka vibaya. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na inaniuma kila nikisikia. Harufu hiyo yenyewe ni dalili yao. Usaha ukichukuliwa kwa kijiti cha pamba, oksijeni huwaua njiani, na hakuna kipimo kitakachowafufua. Uvutwe kwa bomba la sindano, hewa itolewe, ufikishwe maabara upesi, wala usiwekwe kwenye friji. Mnaruhusiwa kumuuliza daktari ulichukuliwaje.

Swali: Je, matibabu yasubiri majibu?

Hapana. Jipu hunyonywa au kupasuliwa, na daktari huanza dawa mara moja, mara nyingi metronidazo pamoja na nyingine. Majibu yakifika, atabadilisha ikibidi.