Isoni: noti moja chini ya nyimbo za John Tavener

Ukiwahi kuimba besi kwenye kwaya, unaijua adha hii: unapewa noti moja, unaambiwa uishike, huku soprano wakila utamu wote wa wimbo. Waorthodoksi wa Ugiriki wameipa noti hiyo jina la heshima, isoni. Ni sauti inayotulia chini wakati melodi inatembea juu yake. Haikatiki, kwa sababu waimbaji hupokezana pumzi: huyu akivuta, jirani yake anashika.

Tarehe 6 Septemba 1997 watu wengi mno waliisikia bila kujua inaitwaje. Jeneza la Diana, Binti Mfalme wa Wales, lilipokuwa likitolewa kanisa la Westminster Abbey, London, kwaya iliimba Song for Athene ya Mwingereza John Tavener. Alikuwa ameitunga mwaka 1993 kumlilia binti mmoja aliyekufa kwa ajali ya baiskeli. Besi wanashika noti ya F. Juu yake haleluya inarudi na kurudi, na kati ya haleluya hizo yamo maneno ya ibada ya mazishi ya Kiorthodoksi yaliyochanganywa na ya Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Karibu wimbo wote ni mnong'ono. Halafu, kwenye mstari unaomwita marehemu aje apokee taji aliloandaliwa, kwaya nzima inalipuka kwa meja, ule mpangilio wa noti wenye mng'aro, na F iko pale pale.

Tavener hakuanzia huko. Alizaliwa London mwaka 1944, na kilichompa jina ni The Whale, kisa cha Nabii Yona chenye vurugu za kila aina. Lebo ya Beatles ndiyo iliyotoa rekodi yake. Mwaka 1977 akajiunga na Kanisa la Orthodoksi, na muziki wake ukazidi kupungua noti. Akawa anaziita kazi zake ikoni za sauti, kama zile picha takatifu za Kiorthodoksi. Hakujifungia humo pia: mwaka 2007, miaka sita kabla ya kufa, Asmaul Husna, majina yote 99, yaliimbwa kwa Kiarabu kwa muziki wake ndani ya kanisa kuu la Wakatoliki la Westminster.

Wapo waliosema muziki huo ni mwepesi mno. Mimi ningewapanga kwenye safu ya besi. Isoni ikiteleza nusu toni tu, kwaya yote inazama nayo, na F ile hushikwa dakika saba hivi.