Prema Pavuralu si rimeki

Siku hizi filamu yoyote ya Kihindi ikitokea kwa lugha nyingine, watu wanaiita rimeki. Juzi tena nimekuta Prema Pavuralu imeandikwa kuwa "rimeki ya Kitelugu" (lugha ya jimbo la Andhra Pradesh, kusini mwa India) ya filamu ya Kihindi Maine Pyar Kiya. Hapana.

Rimeki ni filamu iliyopigwa upya: hadithi ileile, waigizaji wengine. Kuingiza sauti ni kuacha picha ilivyo na kubadilisha maneno. Basi.

Maine Pyar Kiya ya mwongozaji Sooraj Barjatya, ya 1989, iliingizwa sauti ya Kitelugu, na hiyo ndiyo Prema Pavuralu. Watu wa Andhra Pradesh walimwona Salman Khan yuleyule, Bhagyashree yuleyule na njiwa yuleyule wa barua, ila wakaongea Kitelugu. Wakaipenda mno. Tena, hata kwenye Kihindi chenyewe aliyemwimbia Salman alikuwa S. P. Balasubrahmanyam, Mtelugu, mwimbaji waliyemsikia kwao tangu miaka ya 1960. Ugeni gani hapo? Hum Aapke Hain Koun ya 1994 nayo ikapita njia hiyohiyo, kwa jina la Premalayam.

Ukitaka rimeki, chukua Qayamat Se Qayamat Tak ya 1988. Watelugu waliipiga upya mwaka 1996, wakaiita Akkada Ammayi Ikkada Abbayi. Humo huwaoni Aamir Khan wala Juhi Chawla. Yumo Pawan Kalyan, mdogo wake nyota wa Kitelugu Chiranjeevi, na Supriya, mjukuu wa mwigizaji mkongwe Akkineni Nageswara Rao, wote wawili wakianza uigizaji. Ndiyo maana nang'ang'ania tofauti hii: kuingiza sauti kulimpa Salman mashabiki wasiojua Kihindi, lakini rimeki iliwapa Watelugu nyota wa kwao, Pawan Kalyan, ambaye tangu 2024 ni naibu waziri kiongozi wa Andhra Pradesh.

(Zile za kwetu, DJ anapoongea juu ya filamu huku waigizaji wakisikika kwa mbali, ni kitu cha tatu. Tuziache.)

Na wewe unayehesabu Prema Pavuralu kuwa filamu ya kwanza ya Salman kwa Kitelugu, subiri kidogo. Salman aliingia kwenye filamu ya Kitelugu hasa mwaka 2022, katika Godfather, pamoja na Chiranjeevi. Hiyo sasa iite rimeki bila wasiwasi, ila asili yake ni Lucifer ya Kimalayalam, lugha nyingine ya kusini mwa India, si ya Kihindi.