Miguu ya Watu wa Lamu: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

Vichochoro vya mji wa Lamu havipitiki kwa gari. Sokoni, msikitini, harusini, mazikoni, mtu wa mtaa wa Mkomani au Langoni huenda kwa miguu. Ungedhani basi tunaijua miguu yetu. Sikiliza yanayosemwa barazani.

"Naosha miguu kila udhu, fangasi itanipata wapi?"

Itakupata kwenye udhu huo huo. Fangasi hustawi penye joto na unyevunyevu, na makao yake makuu ni katikati ya vidole viwili vya mwisho, vilivyobanana. Kupitisha kidole kati ya vidole wakati wa kutawadha ni sunna. Kinachosahaulika ni kupakausha. Mtu hutoka kutawadha miguu ikichuruzika, akatia kandambili za msikitini zinazovaliwa na kila mtu, kisha akarudi kazini akavaa soksi juu ya majimaji yale yale. Ngozi hugeuka nyeupe, ikanyambuka, ikawasha. Kitambaa cha pamba mfukoni kingetosha. Ukipaka dawa kama klotrimazoli, usiache siku mwasho unapokoma. Endelea wiki moja au mbili zaidi. Jihadhari na krimu za steroidi: mwasho hutulia, fangasi ikaendelea kusambaa.

"Msumari haukuwa na kutu, sina hofu ya pepopunda."

Kutu haihusiki. Bakteria wa pepopunda hukaa mchangani na kwenye kinyesi cha wanyama, na mtu wa Lamu hahitaji kuonyeshwa kinyesi cha punda kilipo. Hata mwiba wa samaki huweza kuwaingiza. Tundu jembamba lenye kina ndilo baya, maana bakteria hao hustawi pasipo hewa. Osha kwa sabuni na maji mengi, na kama jeraha ni chafu na chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5, nenda ukachanjwe.

"Mwenye kisukari akandwe miguu kwa maji moto."

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu hufanywa kwa mapenzi. Bibi analalamika ganzi. Mjukuu anachemsha maji, anatia chumvi, anayaleta kwa beseni. Bibi anatumbukiza miguu, anasema, "Mbona hayana moto, mwanangu? Ongeza." Mjukuu anaongeza. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, kwa hivyo bibi anaungua bila kuhisi. Asubuhi kuna lengelenge, baada ya siku chache kidonda, na kwa kuwa damu haifiki vizuri, kidonda hakifungi. Wapo wanaoishia kukatwa mguu.

Maji yawe vuguvugu, na ayapime mjukuu kwa kiwiko chake. Nyayo zikaguliwe kila usiku. Asiyeweza kuinama awekewe kioo sakafuni. Makubadhi yakung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana kokoto moja yatosha kumtoboa asiyehisi. Sugu zisikatwe kwa wembe. Mafuta ya nazi kisiginoni ni mazuri, ila yasipakwe kati ya vidole.

"Piko ni hina iliyokolea tu."

Sivyo. Piko ni ile rangi nyeusi wanayopambwa nayo maharusi miguuni na mikononi. Hina ya majani hutoa rangi ya machungwa hadi hudhurungi, tena kwa kusubiri. Weusi wa haraka wa piko hutoka kwenye rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo huweza kumtoa bibi harusi malengelenge na kumwachia makovu. Aliyewahi kudhurika nayo asiiguse tena, hata kichwani.

"Ukichomwa na samaki aitwaye taa, pakojolee."

Mkojo hausaidii. Hapa sasa maji moto ndiyo yenyewe: tumbukiza mguu kwenye maji yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, na joto lake lipimwe kwanza kwa mguu usioumia. Kisha nenda hospitali, kwani kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Na ukiingia maji ya magotini kule Shela, buruta nyayo mchangani badala ya kuzinyanyua. Taa akisikia mtikisiko, huondoka mwenyewe.