Kwa nini 641 inagawa 4,294,967,297

Mwaka 1640 Pierre de Fermat alitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa, na zote hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16. Akaamini kwamba inayofuata, 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, nayo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Wengi husimulia habari hii kama hadithi ya uvumilivu: namba tasa 115 zinaitangulia 641, na Euler eti alizijaribu moja baada ya nyingine. Uvumilivu huo hauhitajiki. Euler mwenyewe alieleza baadaye kwamba namba hii hairuhusu kila kigawo.

Tuseme p ni namba tasa inayoigawa. Basi 2³² ikigawanywa kwa p hubakiza −1, yaani inapungukiwa 1 tu ili igawanyike, na kipeo kikifanywa maradufu, 2⁶⁴ hubakiza 1. Kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachobakiza 1 lazima kigawe 64. Kingekuwa chini ya 64 kingegawa 32 pia, na 2³² ingebakiza 1, jambo ambalo tumeshaona si kweli. Kwa hiyo kipeo hicho ni 64 yenyewe. Sasa ilete kanuni ya Fermat, aliyoiandika mwaka uleule wa 1640: 2 yenye kipeo cha p − 1 hubakiza 1. Basi 64 inagawa p − 1. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Fermat, na hili hunisisimua kila ninapolifundisha.

Namba tasa zinazozidi kigawe cha 64 kwa 1 ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu! Mwaka 1878 Édouard Lucas alikaza zaidi: badala ya 64 iwe 128. Zinabaki 257 na 641. Nayo 257 inaanguka bila hesabu ndefu, kwa kuwa 2⁸ hubakiza −1, hivyo 2³² hubakiza 1 na namba yetu hubakiza 2.

Hata kugawa kwa 641 si lazima. Angalia:

641 = 5 × 2⁷ + 1
641 = 5⁴ + 2⁴

Mstari wa kwanza unasema 5 × 2⁷ hubakiza −1; ipandishe kwa kipeo cha 4, upate kwamba 5⁴ × 2²⁸ hubakiza 1. Wa pili unaruhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴. Hivyo −2³² hubakiza 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu. Sijui uthibitisho mfupi ninaoupenda kuliko huu.

Punguza 2 kwenye namba hii upate 4,294,967,295, ambayo ni zao la zile tasa tano za Fermat. Tasa ya sita haijapatikana. Ukiendelea kufanya kipeo maradufu kuanzia 32, namba zote hadi ile yenye kipeo cha 2³² zimethibitishwa kuwa si tasa. Ile yenye kipeo cha 2³³ bado haijaamuliwa.