Chemchemi ya Mfalme huko Lisbon: yanayosemwa na yaliyokuwa

Chini ya vilima vya Alfama, mtaa mkongwe wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ipo chemchemi ya mawe iitwayo Chafariz d'El-Rei, yaani Chemchemi ya Mfalme. Kwa karne kadhaa meli zilijaza maji hapo kabla ya kukabili bahari kuu. Hadithi zake ni nyingi, na baadhi hazishiki.

Kuna wanaouliza: mto Tagus uko pale pale, mpana kama ziwa, mabaharia walihangaikia chemchemi ya nini? Aliyekulia karibu na delta ya Rufiji hahitaji kuelezwa. Maji yakijaa, bahari hupanda mtoni. Mbele ya Lisbon, Tagus ni maji ya chumvi, na mji ule ulikuwa na mto mkubwa huku ukihangaikia maji ya kunywa.

Wengine hudhani maji ya chemchemi lazima yawe baridi. Ya Alfama hutoka vuguvugu. Hata jina la mtaa lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya chemchemi za moto. Mwandishi Damião de Góis, aliyeueleza mji huo mwaka 1554, aliyasifu: yanatoka na joto kidogo, ukiyaacha yatulie yanakuwa safi na matamu. Tena si kweli kwamba meli za enzi hizo zilinyweshwa na ule mfereji maarufu wa Lisbon, unaopitisha maji juu ya matao marefu. Ujenzi wake ulianza 1731, miaka zaidi ya mia mbili baada ya Vasco da Gama kufika pwani yetu.

Dhana inayonikera zaidi ni ile ya chemchemi ya wote, eti tajiri na maskini waliteka pamoja wakipiga soga. Mwaka 1551 halmashauri ya mji, ikiwa imechoshwa na ugomvi wa foleni uliofikia kuumizana, iliigawa midomo sita ya maji. Mmoja ulikuwa wa wanaume weusi, machotara na Wahindi, watumwa kwa walio huru. Uliofuata ni wa Waislamu mateka waliopiga makasia kwenye merikebu za vita, wajaze mapipa yao. Miwili ya katikati wakapewa wanaume weupe. Wa tano ukawa wa wanawake weusi, machotara na Wahindi, na wa mwisho wa wanawake weupe. Mzungu akikosea mdomo, alitozwa faini na kulala ndani siku chache. Mweusi akikosea, alichapwa viboko hadharani akizungushwa chemchemi ile ile. Kosa moja, foleni moja, adhabu mbili.

Wala hao weusi hawakuwa wachache. Hesabu ya mwaka huo huo wa 1551 iliweka watumwa 9,950 katika mji wa watu wapatao 100,000. Kubeba maji ilikuwa kazi yao kubwa, mtungi kichwani, kupanda na kushuka ngazi za mji usiojua tambarare.

Hapo tena huzuka kosa la upande wa pili: kwamba kila Mwafrika wa Lisbon alikuwa mtumwa. Ipo picha ya rangi ya karne ya 16, mchoraji wake hajulikani, inayoonyesha chemchemi hii na umati wake. Kuna wanawake wenye mitungi, kuna mashua mtoni, na kuna mtu mweusi juu ya farasi, joho lake lina msalaba wa shirika la Santiago, la wapiganaji wa Kikristo wenye heshima. Wapo wanaosema huyo ni João de Sá Panasco, mtumwa aliyekuwa mchekeshaji wa mfalme hadi akaingizwa katika shirika hilo. Panasco aliishi kweli. Kwamba ndiye mpanda farasi yule, haijathibitishwa.

Ukienda leo, usidhani unaona alichokiona baharia. Sura ya sasa ni ya karne ya 19, na ufuko umefukiwa, mto ukasukumwa mbali. Kati ya chemchemi na maji sasa kuna barabara.

La mwisho linatuhusu sisi. Watu hudhani meli ikishajaza Lisbon ilitosheka hadi India. Maji ndani ya pipa la mbao huoza na kunuka, na huisha. (Neno pipa tumelipata kwa Wareno, na bomba vilevile.) Ilibidi wateke njiani, kwa hiari ya wenyeji au bila hiari. Machi 1498, kwenye kisiwa cha Msumbiji, watu wa da Gama walivuka kwa mashua kwenda bara kutafuta maji. Walipowakuta wenye mikuki wakilinda mahali pa kuteka, wakawafyatulia mizinga. Wakajaza mapipa yao, na kabla mwezi haujaisha wakang'oa nanga kuelekea Mombasa.